Nani abadilike: mfanyakazi ao biro?

Tulikuwa watu karibu makumi matatu ndani ya sale ya hoteli moja kando ya ziwa, hapa Uvira. Kwenye ukuta kulikuwa picha ya projekta: mzungu mwenye kofia ngumu, juu ya kinga, anacheka. Chini yake maneno ya Kifaransa yaliyotuomba tuache magari nyumbani na tuende kazini kwa njia isiyochafua hewa. Mwezeshaji akauliza: “Nani hapa anaenda kazini na gari yake mwenyewe?” Hakuna aliyeinua mkono. Akacheka kidogo, akapita kwenye picha ingine.

Inje, jipu za wale waliotuita zilikuwa zinangoja, motere inawaka kusudi ndani kubaki baridi. Asubuhi nzima.

Siandike hii kusudi nichekeshe watu juu ya yule mwezeshaji. Alikuwa kijana kama sisi, amemaliza lisansi kama sisi, na alipewa picha zile zikiwa tayari. Nataka kuhukumu maneno yenyewe, kwa sababu yanarudi kila mwaka, atelie moja hadi ingine, na sisi wenye diploma ndio tunaitwa kuyatafsiri kwa Kiswahili mbele ya watu. Maneno ni haya: ukitaka watu waende kazini vizuri, bila moshi na bila kumaliza pesa, badilisha tabia yao. Wafundishe, waamshe, watabadilika. Na mahali pazuri pa kuanzia ni kazini.

Kwa kazini, nakubali. Kwa tabia, hapana. Ao tuseme: tabia ya nani?

Kwanza tuangalie mji wetu. Uvira ni kamba. Upande moja milima ya Mitumba, upande ingine Tanganyika, katikati barabara moja kubwa, ile nambari 5 inayotoka Bukavu kwa Kamanyola, inashuka bonde la Ruzizi, inapita mjini na kuendelea Fizi. Kutoka Kavimvira hadi Kalundu, karibu kila mtu mwenye kazi anapita pale pale: mwalimu, muuguzi wa hospitali kuu, mtu wa duane, mama wa soko la Mulongwe. Mtu aliyesoma urbanismu akiona ramani yetu angefurahi. Mji wa namna hii hauhitaji akili nyingi, laini moja ya basi inatosha, watu wote wako juu yake. Lakini basi ya watu wote haiko. Kuna moto, kuna taksi chache zinazongoja kujaa, na kuna miguu.

Na wengi wanatumia miguu. Simama saa moja kasoro asubuhi pembeni ya daraja la Mulongwe utaona. Akina mama wa mabiro wanatembea na sandali, viatu vya kazi viko ndani ya sakoshi, wanavibadilisha wakifika karibu na mlango. Hawa hakuna atelie iliyowafundisha usafiri usiochafua hewa. Wanaufanya tangu miaka, na hakuna anayewapigia makofi, kwa sababu siku wakipata franka za moto wataacha. Hapo ndipo swali lenyewe. Mtu anayetembea kwa sababu hana njia ingine si mfano wa tabia njema. Ni mtu anayengoja nafasi ya kutoroka.

Ile mafundisho ya “hatua za mabadiliko”, wengine mliikuta kwenye kozi ao kwenye fomasyo za mashirika: kwanza mtu hafikirii, halafu anaanza kufikiria, anajitayarisha, anafanya, anashikilia. Ina asili yake. Prochaska na DiClemente, wasomi wawili wa saikolojia wa Marekani, waliandika 1983 juu ya watu wanaojaribu kuacha sigara. Baadaye ilichukuliwa kwa chakula, kwa spoti, mwishoni kwa namna ya kwenda kazini. Na kwa sigara inaeleweka: mtu anayeacha kuvuta hahitaji mtu mwingine amjengee kitu. Anahitaji roho ngumu na watu wa kumsaidia. Lakini mtu wa Kavimvira anayeenda Kalundu, umwambie afikirie, ajitayarishe, halafu afanye nini? Apande nini? Roho ngumu haijengi pembe ya barabara ya kupitia kinga, na haizuii rumoke ya mchanga kukusukuma kwenye mtaro.

Mimi nilijaribu. Miaka miwili iliyopita nilikuwa na kazi upande wa bonde, kufuata vyama vya wakulima wa mihogo na mpunga. Nilikaa Kavimvira, na biro yetu ndogo ilikuwa upande wa Kiliba, zaidi ya kilomita 10. Kila siku moto ya kwenda, moto ya kurudi, na siku za kutembelea mashamba, moto ingine tena. Mwisho wa mwezi nilihesabu, nikaona ninafanya kazi kwanza kwa motari, halafu kwa mwenye nyumba, halafu kwa mimi mwenyewe. Nikanunua kinga ya mkono wa pili. Ilikuwa kiangazi, barabara kavu, vumbi mingi lakini kavu. Wiki tatu nilienda na kinga. Franka nilizobakiza zilitosha kulipa sehemu ya masomo ya mdogo wangu wa kike, yuko sekondari. Tabia yangu ilikuwa imebadilika kabisa, bila atelie.

Nini ilinirudisha kwenye moto? Si uvivu. Siku ya kwanza hakukuwa mahali pa kuweka kinga kazini, nikaifunga kwenye mti. Wiki ya pili mtu alichukua pompe na kiti. Kulikuwa maji ya kunywa lakini hapana ya kunawa, na mimi nilifika na jasho, shati limeshikamana na mgongo. Siku moja tulikuwa na mkutano kwenye biro ya mshirika mmoja mjini. Nikafika na kinga. Mlinzi akanitazama, akasema kwa upole: “Kaka, bantu ba kazi ya siku banapita kule nyuma.” Nilikuwa na ripoti ndani ya mfuko. Nikapita nyuma. Mkubwa wangu aliposikia, hakucheka. Aliniita pembeni: “Ingenieri, unatuletea haya. Watasema hatulipe watu.”

Na alikuwa na haki kidogo, watu wangesema hivyo.

Wiki iliyofuata nikarudi kwenye moto. Kinga niliikodisha kwa jirani, anabebea mihogo.

Ninajua wengi mtasema: ni kiburi chako, ungeweza kuvumilia. Sawa. Sisi wenye lisansi tuna kiburi chetu, tukubali. Siku ya kutetea memwari tunavaa veste ya kuazima, na mshahara wa kwanza ukifika, kama utafika, tunawaza moto yetu wenyewe. Tulisomeshwa na walimu waliokuja na kinga, chaki kwenye vidole, suruali imefungwa na kamba isiguse mnyororo, na leo tukimuona mwalimu juu ya kinga tunamuonea huruma. Lakini kiburi hiki hakikuzaliwa ndani ya kichwa changu peke yake. Kinaandikwa hata kwenye makaratasi ya serikali.

Soma kanuni zetu. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 7, inasema pesa ya transporti si sehemu ya mshahara. Ni pesa ya pembeni, ya kukuwezesha kufika. Ni jambo jema. Halafu angalia namna kodi ya mishahara inavyoihesabu ile pesa: safari nne kwa siku, kwenda, kurudi kula, kurudi kazini, kurudi nyumbani. Safari nne za taksi kwa kadre. Safari nne za basi kwa wafanyakazi wengine. Basi yenyewe hapa haiko, tuache. Tazama tu ngazi: mkubwa ni taksi, mdogo ni basi. Kinga haiko kwenye ngazi, miguu haiko. Aliyeandika hakukosea hesabu, aliandika vile sisi wote tunawaza: kupanda cheo ni kupanda kitu chenye motere. Sasa unakuja kuniambia mimi peke yangu, na picha ya projekta, nibadilishe tabia?

Kule Ubelgiji, ambako sehemu kubwa ya mazoea yetu ya biro ilitoka, waliongeza ngazi ingine. Tangu tarehe 1 Mei 2023, mapatano ya kitaifa ya kazi, nambari 164, yanasema mfanyakazi wa kampuni za watu binafsi anayeenda kazini na kinga, kama sekta yake haikuwa na mpango mwingine, mwenye kazi amlipe kwa kila kilomita (mwaka 2023 ilikuwa senti 27 za euro), mpaka kilomita 20 za kwenda na 20 za kurudi. Sisemi tuige kiasi. Ninasema tu: pale hawakumuomba mtu awe mtakatifu. Walimlipa kama vile wanavyomlipa wa treni. Mkubwa wangu asingesema “watasema hatulipe watu”, kwa sababu kinga yenyewe ingekuwa kwenye karatasi ya malipo.

Kuna ambao watanijibu na Kigali. Kila mtu hapa anayepita Rwanda anarudi na hadithi ya Siku Bila Magari: barabara zimefungwa, meya anakimbia, watu wanapimwa shinikizo la damu bure. Ilianza 2016, mwanzoni mara moja kwa mwezi, baadaye mara mbili. Niliipenda nilipoiona. Lakini ni Jumapili asubuhi. Ni siku ya spoti, na kama spoti imefaulu vizuri. Jumatatu, yule aliyekimbia anapanda moto kwenda kazini kama jana haikuwepo. Kilichogusa Jumatatu ya Kigali ni kitu kingine, amri kwamba tangu 2025 moto mpya za kubeba watu zinazosajiliwa mjini ziwe za umeme. Hapo hawakumuuliza motari tabia yake, walibadilisha kile anachoweza kununua. Unaweza kupenda ao kukataa amri ya namna hiyo. Mimi nina mashaka, kwa sababu motari ndiye analipa kwanza. Lakini angalau inajua mlango uko wapi.

Na kuna mfano wa karibu zaidi, tena mchungu, wa jirani tunaemuona taa zake usiku. Machi 2022 serikali ya Burundi ilikataza moto, kinga na zile za magurudumu matatu kuingia katikati ya Bujumbura. Sababu iliyotolewa ilikuwa ajali na usalama. Vijana waliokuwa wanabeba watu na kinga walisukumwa kwenye makwarti ya pembeni. Halafu esansi ikakosekana, siku hadi siku, na miaka iliyofuata ikazidi. Mabasi yakapungua, foleni zikawa ndefu kuliko siku ya kazi, na watumishi wa mabiro wakaanza kutembea kilomita na kilomita. Sisi wa Uvira tuliona upande wetu: Warundi wanavuka Gatumba na Kavimvira kutafuta esansi kwetu, bidoni mkononi. Kwa hiyo mji ule ulifukuza kinga kwanza, halafu ukakosa cha kuweka pahali pake. Ukipima kwa moshi tu, ungesema Bujumbura ilifaulu, maana watu wengi walitembea. Ndiyo maana mimi sitaki kupima jambo hili kwa moshi tu.

Nirudi kwenye fani yangu, kwa sababu sisi wa kilimo tulishakosea kosa hili mbele ya wengine. Miaka mingi tuliwaambia wakulima wabadilike. Mozaiki ilipomaliza mihogo, tulienda na mafundisho: tambua jani lililojikunja, ng'oa mmea mgonjwa, usipande vijiti vya mgonjwa. Mkulima alijua yote, na akapanda vijiti vya mgonjwa, kwa sababu ndivyo alivyokuwa navyo. Vijiti safi vilipofika na jirani yake akavuna, hakungoja sisi tumfundishe mara ya pili.

Hii si hekima ya Ruzizi peke yake. Wale waliosoma sosyolojia ya vijijini watakumbuka Ryan na Gross, 1943, huko Iowa, juu ya mahindi chotara. Wakulima walisikia habari mara nyingi kwa wauza mbegu, lakini waliamini kwa sababu ya jirani, na wengi walianza na kipande kidogo kwanza. Everett Rogers akajenga kitabu chake cha 1962 juu ya kazi kama hiyo: kitu kipya kinaenea kama kina faida, kama kinaingia kwenye maisha ya mtu bila kuyavunja, kama si kigumu, kama unaweza kukijaribu kidogo, na kama wengine wanaona matokeo. Sasa chukua kinga yangu na uipitishe pale. Faida: iko, masomo ya mdogo wangu. Ugumu: hakuna. Kujaribu: nilijaribu. Kilichobaki ndicho kilichoniangusha. Haikuingia kwenye maisha ya biro, na kile wengine walichoona si pesa niliyobakiza, waliona mtu anaelekezwa mlango wa nyuma. Jirani akiona hivyo hatapanda mbegu ile.

Na kwa wenzetu wanawake hata kujaribu ni shida. Mwenzangu wa kasa nilimwambia, kwa mchezo, tununue kinga mbili tuwe tunaenda pamoja. Akanijibu: “Weye utapanda, batasema uko na shida ya makuta. Miye nikipanda, batanisema mpaka kwa kanisa.” Yeye alikuwa anapanda moto mvua ikinyesha, na anatembea ikiwa kavu. Siku moja moto iliteleza naye kwenye matope, akakaa nyumbani wiki mbili na goti limevimba. Zile siku alikatwa. Kwa hiyo ukiniuliza biro inaweza kufanya nini juu ya usafiri, mimi sianzi na kinga. Ninaanza na goti lile: kama mtu ameumia njiani akija kukufanyia kazi, ni jambo lako.

Zamani wenye kazi walijua kwamba njia ya kazini ni jambo lao, hata kama walijua kwa ubaya. Union Minière kule Katanga ilijenga makambi ya wafanyakazi karibu na migodi, na kiwanda cha sukari cha Kiliba vilevile kilikuwa na makambi yake pembeni ya miwa. Watu walienda kazini kwa miguu, kengele ikilia. Sitamani makambi yarudi. Kambi ilikuwa pia jicho la mwenye kazi juu ya chungu chako na bibi yako, na ukifukuzwa kazi umefukuzwa na kwenye nyumba. Kiliba iliposimama 1996, watu walibaki na nyumba bila kiwanda, na leo watoto wao wanatafuta kazi mjini, kilomita nyingi, moto ya kwenda, moto ya kurudi. Ninalotaka kusema ni fupi: umbali kati ya nyumba na kazi haujawahi kuwa tabia ya mtu. Mtu mwingine aliupanga, ao aliacha kuupanga.

Kwa hiyo biro za Uvira, na hapa ninaongea na wale kati yetu waliokwisha kuwa wakubwa wa biro, maana wako, na wanasoma ukurasa huu bila kuandika kitu. Mko kwenye kamba moja. Mashirika matano yaliyo kwenye barabara ileile yanaweza kukodi basi moja ndogo, asubuhi na jioni, kwa pesa mnayotoa tayari kwa safari za moto za kila mmoja. Pesa ya transporti ilipwe sawa kwa anayekuja na moto, kinga ao miguu, asiulizwe. Mabati manne juu ya miti minne yanatosha kwa kuweka kinga, na mlinzi yuko tayari, analipwa tayari, mwambieni tu kwamba anayekuja na kinga anapita mlango wa mbele. Ndoo ya maji na kisabuni. Siku mvua kubwa imenyesha usiku na mito inashuka, msihesabu kuchelewa. Aprili 2020 Mulongwe ilituonyesha inaweza kufanya nini, na ziwa nalo miaka ile likapanda hadi kwenye makwarti ya chini na bandari ya Kalundu. Kuamuru watu wafike saa moja na nusu kamili siku kama hizo ni kuwaambia wapande moto yoyote, na motari yoyote.

Na mkubwa aje mwenyewe na kinga mara moja kwa wiki. Si kwa picha. Lakini hata kama ni kwa picha, nitaikubali ile, kwa sababu mlinzi ataiona.

Kuna neno moja dhidi yangu ambalo sina jibu lake lote. Rafiki mmoja alisoma hii mbele ya kuiweka hapa, akasema: unawaombea mabati wenye kazi, je, sisi ambao hatuna kazi? Zaidi ya nusu ya promosyo yetu inatembea kila siku, si kwenda kazini, ni kwenda kutafuta. Ni kweli. Tunapeleka dosye kwa miguu kutoka Kimanga hadi Kalundu, tunafika na jasho, na mlinzi anatuelekeza nyuma sisi sote. Basi ya mashirika matano haitatubeba. Basi ya mji mzima ingetubeba, na hiyo ni ya kuuliza meya, si mkubwa wa biro. Nilimwambia nitaiandika siku ingine. Akasema: “Andika sasa, siku ingine uko na kazi.”

Basi nimeiandika. Mwezi uliopita, mahali ninapofanya kazi sasa, niliomba mabati manne. Barua ilipokelewa, ikapigwa muhuri, na nikaambiwa itaangaliwa kwenye bajeti ya mwaka ujao. Jirani bado ana kinga yangu. Jana nimemuuliza kama mnyororo bado mzima. Akasema mzima, lakini anaihitaji mpaka mihogo iishe shambani.